Mjomba, nivae kiatu gani kupanda Meru?

*Mimi ni mhasibu hapa Mwanza, nina miaka 29. Mwezi wa nane mimi na wenzangu wanne wa kazini tumepanga kupanda Mlima Meru kwa siku nne. Sijawahi kupanda mlima mkubwa, ila nimezaliwa na kukulia Mabatini, kwenye vilima vya majabali, kwa hiyo mawe si kitu kigeni kwangu.*

*Shida yangu ni viatu. Mwenzetu mmoja anasema raba zinatosha, kwani wapagazi wenyewe hupanda na raba. Mwingine kanunua buti mpya Dar es Salaam kwa laki nne na nusu, na anasema asiye na buti za namna hiyo abaki nyumbani. Mimi fedha hiyo sina. Sokoni nimepata buti za mtumba kwa elfu sitini, za ngozi, zinaonekana hazijavaliwa kabisa. Zimenizidi kama namba moja, lakini muuzaji anasema za mlimani ndivyo zinavyotakiwa. Nimeshazilipia, ziko chini ya kitanda, sijazivaa ili zisichakae.*

*La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nimesikia karibu na kilele kuna mahali miguu peke yake haitoshi, unaparamia mawe kwa mikono, tena usiku, na pembeni ni shimo. Naona haya kuwaambia wenzangu kwamba naogopa. Nikifika pale nikashindwa, itakuwaje?*

*Mwana wa Mabatini, Mwanza*

Mpwa wangu, umeandika bila kuficha. Wengi huniuliza habari za viatu na hofu wakabaki nayo moyoni. Wewe umevileta vyote viwili, na kwenye mlima ule havitengani.

Nianze na hizo buti za elfu sitini, kwa kuwa zinanitia wasiwasi kuliko lile shimo. Unazipenda kwa sababu hazijavaliwa. Kwenye buti za mlimani hilo ndilo la kutilia shaka. Kati ya ngozi ya juu na mpira unaokanyaga ardhi kuna tabaka la povu gumu linalobeba uzito wako. Viwanda vingi hulitengeneza kwa poliyurethani, na poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole, mwaka hadi mwaka, hata kiatu kikiwa kimefungiwa ndani ya boksi lake. Kwa nje huoni kitu. Ngozi inang'aa, meno ya soli yamesimama, kamba ni nzima, huku ndani povu limekauka kama mkate wa wiki iliyopita. Aliyezinunua Ulaya huenda alizivaa mara mbili, akaziweka stoo miaka kumi, nyumba ikasafishwa, zikaingia kwenye belo, zikafika Mwanza.

Hili nililijua kwa kulipia. Nilipokuwa mpagazi, mgeni mmoja aliniachia buti za kahawia, nzuri kuliko kiatu chochote nilichowahi kumiliki. Nikazitunza kwa ajili ya safari ya maana. Miaka ikapita, nikapata leseni ya kuongoza wageni, nikaona sasa wakati wake umefika, nikazivaa kupanda Meru. Kwenda tulikwenda vizuri hadi kileleni. Wakati wa kushuka, kabla hatujafika mahali panapoitwa Rhino Point, soli ya mguu wa kulia ilibanduka yote kwa mkupuo mmoja. Niliifunga kwenye kiatu kwa kamba ya hema nikaendelea, kila jiwe likinigusa unyayo, na soli ya pili ikafuata kabla hatujafika kibanda cha Miriakamba. Hakuna aliyeumia. Lakini nyuma yangu walikuwepo wageni wawili ambao maisha yao yalikuwa mikononi mwangu, na kwa saa zile zote akili yangu ilikuwa mguuni mwangu, si kwao.

Kwa hiyo toa buti chini ya kitanda leo. Angalia ndani ya ulimi wa kiatu. Baadhi huwa na kibandiko chenye mwaka wa kutengenezwa. Zikizidi miaka minane au kumi, moyo wako uanze kuziaga. Kisha bonyeza lile povu kwa ukucha wa kidole gumba, hasa karibu na kisigino. Likirudi kama lilivyokuwa, vizuri. Likipasuka, likimomonyoka au likaacha kovu, basi. Bonyeza na mpira wa chini pia: mpira uliozeeka huwa mgumu kama plastiki na huteleza juu ya jiwe hata kama meno yake ni marefu. Halafu ikunje buti kwa nguvu mara ishirini, thelathini, uangalie mahali soli inapokutana na ngozi. Zikivuka hapo, zivae kila siku kwenda sokoni, kanisani, popote, wiki tatu mfululizo. Kama zitakufa, zifie Mabatini.

Usikubali fundi viatu akuambie atazipaka gundi. Gundi haishiki kwenye unga. Fundi mzuri anaweza kuondoa povu lote na kushona soli nyingine, nami nimeona kazi za namna hiyo zikidumu, ila utakuwa umetengeneza kiatu kipya na itakubidi ukijaribu upya.

Sasa hiyo namba moja zaidi. Muuzaji kasema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokung'oa kucha. Ni kweli vidole vinahitaji nafasi mbele. Sikiliza hesabu ya siku yenu ya tatu: mtaondoka kibanda cha Saddle Hut, kilicho mita 3,570, kabla ya alfajiri, mtafika kileleni kwenye zaidi ya mita 4,560, kisha siku hiyo hiyo mtateremka hadi Miriakamba kwenye mita 2,514. Hizo ni zaidi ya mita 2,000 za kushuka, na katika kila hatua mguu unasukumwa mbele ndani ya kiatu. Kidole kikigonga ngozi mara elfu kadhaa, ukucha unakuwa mweusi, na baada ya wiki chache unadondoka. Watu huogopa kupanda. Mimi niliowaona wakilia, wengi walilia wakishuka.

Lakini nafasi ya mbele ni kitu kimoja na kisigino kinachopwaya ni kitu kingine. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu kinatengeneza lengelenge siku ya kwanza, na kwenye jabali kinakunyima uhakika wa mahali unyayo wako ulipo. Jipime hivi. Fanya jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na vaa soksi zile zile za safari. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kipite kidole chako kimoja cha shahada. Vikipita viwili, kiatu ni kikubwa. Kisha funga kamba vizuri, tafuta ngazi au mteremko mkali, shuka kwa kishindo. Vidole visiguse mbele. Panda sasa, kisigino kisinyanyuke. Kiatu kikifaulu yote mawili, namba iliyoandikwa ndani haina maana. Kikinyanyuka kidogo tu, soksi nene ya sufi au kikanyagio cha ndani kinaweza kukiokoa. Kikinyanyuka sana, kiuze.

Na soksi zisiwe za pamba. Pamba hunywa jasho na kulikalia, ngozi inalainika, inasuguliwa, inachubuka. Sufi au nailoni yenye mchanganyiko wa sufi zinapatikana kwenye mitumba kwa bei ya soda mbili tatu.

Nije kwa huyo mwenzenu wa raba. Ni kweli wagumu, ndivyo wapagazi wa kwetu wanavyojiita, utawaona wakipita na raba, wengine na yeboyebo, na mzigo kichwani. Naomba usiwachukue kuwa mfano wa viatu. Mtu yule ana miaka ya mlima miguuni, na kwenye Meru wengi wao huishia Saddle Hut. Hawafiki kwenye mawe. Zaidi ya hapo, wengi wanavaa raba kwa sababu ndizo walizonazo. Moshi kuna shirika linalowaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo, na halina uhaba wa wanaohitaji. Kila ninaposikia mtu mwenye mshahara akisema "mbona wapagazi wanapanda na raba", naumia.

Hata hivyo raba si tusi. Ile raba nyepesi ya kukimbilia njia za vumbi, yenye meno chini na ncha ngumu, ningekuruhusu kuivaa siku mbili za kwanza bila kusita, kutoka lango la Momella kupitia msituni hadi Miriakamba na kupanda hadi Saddle Hut. Ni njia iliyochongwa vizuri, na mtaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Uzito mguuni unachosha kuliko uzito uleule mgongoni, na buti nzito hulipwa kwa mapaja. Ila juu ya Saddle Hut ardhi inabadilika: majivu ya volkano, changarawe, halafu jabali. Raba fupi hujaa changarawe kila hatua kumi. Kama buti ndefu kweli huzuia mguu kuteguka, wanaojua mambo ya mifupa bado wanabishana. Ninachokijua ni kwamba shingo ya buti huzuia mawe yasiingie na hukinga kile kifundo kinapogonga jabali gizani. Kwa Meru mimi nachagua buti, ya wastani, isiyo nzito, inayofika juu ya kifundo.

Kwenye kuparamia, soli ndiyo yenye neno. Shika buti kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ikamue kama nguo iliyofuliwa. Ikikubali kama kitambaa, haifai; ikikataa kabisa kama ubao, utatembea kama roboti siku nne. Tafuta inayokubali kwa shida. Halafu simama ukingoni mwa ngazi kwa ncha ya kiatu tu, sentimita mbili tatu. Kiatu kikijikunja, basi kwenye jabali utakuwa unasimama kwa misuli ya shavu la mguu, nayo huchoka upesi.

Hayo meno ya mpira unayoyaona chini ya buti yana historia ya msiba. Zamani wapanda milima wa Ulaya walivaa buti zenye misumari chini kwa ajili ya kutembea, na wakifika kwenye jabali walibadilisha wakavaa viatu laini vya kitambaa, ambavyo havikuweza kukinga baridi. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake sita kwenye milima ya Alps, na viatu duni vilikuwa sehemu ya sababu. Akaenda kutafuta soli moja itakayotembea, itakayoshika jiwe na kukinga baridi. Mwaka 1937 akasajili soli ya mpira yenye meno makubwa, na jina Vibram limetoka kwenye jina lake. Mwaka 1954 Waitaliano waliposimama kwa mara ya kwanza juu ya K2, walikuwa na soli hizo miguuni.

Kwa hiyo nani kashinda kati ya wenzako wawili? Hakuna. Laki nne na nusu hainunui mguu wa mtu mwingine, na mwenzako huyo asipozivaa zile buti kabla ya safari zitamchubua kuliko za kwako. Zako zikifeli, kuna njia mbili. Arusha na Moshi wanakodisha vifaa vya mlimani. Kodi koti, kodi fimbo za kutembelea, kodi taa ya kichwani, ila buti ziwe kitu cha mwisho kukodi, maana utakutana nazo siku moja kabla ya kupanda. Njia bora ni kupita Soko la Memorial pale Moshi, au kumwagiza mtu anayejua namba ya mguu wako, utafute buti za mtumba zilizovaliwa kiasi, za miaka ya karibuni, ukitumia ukucha wako kama nilivyokueleza. Afadhali buti yenye mikwaruzo ya mwaka juzi kuliko iliyong'aa tangu miaka kumi na tano iliyopita.

Sasa hofu yako.

Ulichosikia ni kweli, nami sitakipunguza. Baada ya Rhino Point njia inafuata ukingo wa kreta. Upande mmoja mlima umebomoka tangu zama za kale, na ukuta wake unateremka zaidi ya mita elfu moja kwenda kwenye sakafu ya kreta, ambako kimesimama kichuguu cha majivu. Zipo sehemu za kuvuka jabali kwa mikono na miguu, na sehemu nyingine karibu na kilele. Si ukuta wa kupandia kwa kamba. Mtu mwenye afya, aliyefundishwa na asiye na haraka, anapita. Usiku huoni shimo, unaona duara la taa yako tu. Asubuhi mkirudi ndipo unauona ukingo ulioupita. Nakuambia mapema ili jua lisikushtue pale.

Na wewe una kitu ambacho wenzako hawana. Mtoto wa Mabatini aliyebeba ndoo ya maji juu ya mawe kwenda nyumbani anajua unyayo unavyokaa kwenye jiwe. Tumia mawe yenu. Kila Jumamosi, asubuhi umande ukishakauka, vaa buti na begi lenye lita kadhaa za maji, uende kwenye majabali yasiyozidi kimo chako ukiwa na mtu wa kukuangalia. Panda na ushuke, panda na ushuke. Kwanza jifunze kuutazama mguu. Anayeogopa hutazama juu akitafuta cha kushika, na mguu unakwenda kipofu. Tazama mahali pa kukanyaga, weka kiatu kwa utulivu, kisha uache kabisa kukihangaisha. Uzito uwe miguuni. Mikono ni ya kukuweka sawa, isikuvute. Kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika wakati kimoja kinasogea. Kifua kisilale kwenye jiwe. Ukikumbatia jabali, miguu inasukumwa nje na ndipo inapoteleza.

Kushuka ni shule nyingine. Mteremko ukiwa wa kawaida tazama bonde na ukanyage kwa unyayo mzima. Ukizidi, geuka utazame jiwe, ushuke kama unavyoshuka ngazi ya mti, mkono ukiachia baada ya mguu kupata mahali. Wengi hujitia ushujaa wa kushuka wakiwa wamekaa, wakiburuza makalio. Hapo huoni miguu yako na huwezi kusimama ukianza kuteleza. Kaa tu pale kiongozi wako anapokuambia.

Jambo moja Mabatini haitakufundisha. Mawe ya Mwanza ni matale, mengi yametulia mahali pake tangu enzi na enzi, na yanakwaruza vizuri. Meru ni volkano, na jiwe unaloliona imara linaweza kuwa limekaa tu juu ya majivu. Kabla ya kulitegemea, ligonge kwa kiganja, lisukume. Likitoa sauti ya debe tupu, liache. Likitoka, piga kelele "Jiwe!" hata kama hudhani kuna mtu chini. Na usikae moja kwa moja chini ya mwenzako anapoparamia. Subiri pembeni mpaka apite. Fimbo zikunje na kuzifunga kwenye begi kabla ya mawe, mikono ibaki huru.

Kuhusu haya: waambie wenzako kabla hamjaondoka Mwanza, na umwambie kiongozi jioni ile Saddle Hut, kabla ya chakula. Atakuweka nyuma yake, atakuonyesha kila hatua, na mwendo wa kundi utafuata wako. Kiongozi asiyejua kwamba unaogopa hawezi kukusaidia. Kule juu hewa imepungua, unavuta kidogo zaidi ya nusu ya kile unachovuta pwani, na kichwa kinachouma na hofu iliyofichwa ni mzigo mkubwa kwenye ukingo mwembamba. Kichwa kikiuma sana, ukitapika au ukaanza kuyumba kama mlevi, hiyo si hofu. Ni mlima umekukataa kwa siku hiyo, na dawa yake ni kushuka mara moja, si kupumzika hapo hapo.

Umeuliza ukishindwa itakuwaje. Utageuka. Kabla ya kila jabali jiulize kama unaweza kulishuka, si kama unaweza kulipanda. Jibu likiwa hapana, mwambie kiongozi wazi, mpige hatua nyuma hadi Rhino Point, ukae ulione jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro. Jioni ya siku ya pili mtakuwa mmeshapanda Meru Ndogo, mita 3,820, na huo nao ni mlima. Nimewarudisha watu wengi kutoka ukingo ule, na nimewapokea baadhi yao mwaka uliofuata wakiwa tayari.

Siku tatu kabla ya safari kata kucha za miguu, fupi na za mraba. Beba plasta pana, na uibandike pale tu mguu unapoanza kupata joto, kabla lengelenge halijatokea. Usione aibu kusimamisha kundi zima kwa dakika tano. Wakati wa kushuka kaza kamba kwenye kunjo la mguu ili kisigino kibaki nyuma.

Wiki mlizobakiza zinatosha kwa yote haya, lakini hazitoshi kama buti zitaendelea kukaa chini ya kitanda. Zitoe jioni hii, uzibonyeze kwa ukucha, na uniandikie umeona nini.